Ritifaa ya Ring'wani na foleni ya printa

Msimu wa mitihani ya darasa la saba ukikaribia, steshenari na ofisi za Mugumu na Tarime mjini hushinda na karatasi. Shule zinataka mitihani ya majaribio, mtihani wa taifa wa NECTA unakuja Septemba, na kila mwalimu wa taaluma anataka bahasha yenye idadi kamili ya nakala. Mahali pengi bado mtu mmoja husimama mbele ya mashine, anahesabu, anabonyeza, anaandika deni kwenye daftari. Lakini wengine wameanza kuweka kompyuta moja katikati, kati ya watumiaji na printa, na kuiachia skripti ifanye kazi ya yule mtu: ipokee kazi, iandike nani ametuma nini, ihesabu kurasa, ichague printa, kisha iruhusu karatasi itoke.

Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote, maana kompyuta ya zamani yenye Linux na skripti fupi inaweza kuokoa rimu nyingi na ugomvi mwingi. Ila nimeshaona mipango ya namna hii ikisifiwa kwa wiki chache halafu ikazimwa, na lawama zikabebeshwa printa, tona, au "virusi". Mara nyingi printa haina kosa. Kosa liko kwenye makabidhiano: pale mfumo wa uchapishaji unapoikabidhi skripti jina la kazi, jina la mtumiaji na idadi ya nakala, na skripti ikavipokea vibaya. Na katika wilaya zetu mbili, Serengeti na Tarime, kuna jambo linalofanya makabidhiano hayo yawe magumu kuliko vitabu vya ugenini vinavyosema. Ni majina yetu wenyewe.

Tuanze na kinachokabidhiwa. Mfumo wa uchapishaji ulioenea zaidi kwenye Linux na kwenye kompyuta za Apple ni CUPS. Michael Sweet alianza kuuandika mwaka 1997, Apple wakauingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002 na kuununua mwaka 2007, na tangu 2020 mradi wa OpenPrinting una tawi lake ambalo Sweet mwenyewe analiendeleza. Kazi ikifika zamu yake, CUPS huiita programu ya mwisho, ile inayopeleka data kwa printa, na kuipa vitu kwa mpangilio usiobadilika: namba ya kazi, jina la mtumiaji, jina la kazi, idadi ya nakala, chaguo za kuchapa, na wakati mwingine jina la faili. Programu hiyo ikiwa ni skripti ya sheli, yaani orodha ya amri zinazosomwa na programu iitwayo sheli, inavisoma kama $1, $2, $3, hadi $6. Hivyo ndivyo vigeu vyake, thamani zinazobadilika kila kazi. Vingine huja kwa njia ya pili, vigeu vya mazingira: PRINTER hubeba jina la foleni, DEVICE_URI hubeba anwani ya printa.

Namba ya kazi hutungwa na mashine, kwa hiyo ni safi. Jina la kazi, $3, huandikwa na binadamu. Mwalimu akiwa na faili la Word, kompyuta yake hutuma jina kama "Microsoft Word - Sayansi Ring'wani.docx", nalo linafika kwenye skripti hivyo hivyo, na nafasi zake, nukta zake na ritifaa yake.

Wilaya ya Serengeti ina kata ya Ring'wani na kata ya Rung'abure. Tarime ina Gorong'a. Majina ya watu yenye ng' nayo yako kila darasa. Kwa bahati mbaya, alama hiyohiyo ya ritifaa ndiyo ambayo sheli hutumia kufungua na kufunga maandishi.

Tazama mstari huu mmoja, wa aina ambayo fundi yeyote anayejifunza ataandika siku ya kwanza:

sh -c "echo '$3' >> daftari.txt"

Mwandishi alitaka jina la kazi liandikwe kwenye daftari, akalizungushia ritifaa mbili ili nafasi zisilivuruge. Likija "Sayansi Kisangura" kila kitu ni shwari. Likija "Sayansi Ring'wani", sheli ya pili inaona ritifaa ya kufungulia, inasoma "Sayansi Ring", inakutana na ritifaa ya jina la kata na kuiona kuwa ya kufungia. "wani" inabaki nje. Halafu inakuja ritifaa ambayo mwandishi aliikusudia kuwa ya kufungia, sheli inaiona kuwa ya kufungulia, na mstari unaisha kabla haijafungwa. Sheli inagoma. Skripti inarudisha ishara ya kushindwa, na kutegemea mpangilio uliowekwa, CUPS inaweza kuisimamisha foleni nzima. Kazi za shule za Natta, Issenye na Machochwe zilizokuwa nyuma zinasubiri, na mhudumu anafungua printa kutafuta karatasi iliyokwama ambayo haipo.

Huo ndio ubaya mdogo, kwa sababu unaonekana. Sasa mwalimu mwingine anatuma kazi ya kata mbili: "Ring'wani na Rung'abure". Ritifaa za jina ni mbili, za mwandishi ni mbili, jumla nne. Zinatoshelezana. Sheli haigomi kabisa. Inaandika kwenye daftari "Ringwani na Rungabure", ritifaa zote zimeliwa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mwezi ukiisha, anayejumlisha madeni anakuta shule ya Ring'wani na shule ya Ringwani, anazihesabu kuwa mbili, au anaikosa moja.

Kisha kuna ubaya wa tatu. Word, kwa mazoea yake, huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Machoni ni ileile. Kwa mashine ni herufi tofauti kabisa, inayochukua baiti tatu badala ya moja katika UTF-8, na sheli haiijali hata kidogo. Kwa hiyo Ring’wani iliyopinda inapita salama, Ring'wani iliyonyooka inasimamisha foleni, na fundi anaapa kwamba skripti "ina siku zake". Haina siku zake. Kinachoamua ni kama mwalimu aliandika jina la kazi kwenye Word au kwenye dirisha la kuhifadhi faili.

Ushauri unaotolewa haraka ni huu: waambieni walimu waache kuweka ritifaa. Naupinga. Ng' na ng ni sauti mbili, na jina la kata ndilo jina la shule, ndilo linaloandikwa juu ya karatasi ya mtoto na kwenye barua yake ya uhamisho. Ofisi ikiwazoesha watu kuandika Ringwani ili mashine iridhike, baada ya muda Ringwani itahamia kwenye orodha, kutoka orodha itahamia kwenye cheti, na mzazi ndiye atakayepanda basi kwenda kurekebisha. Isitoshe, dawa yenyewe haitibu. Anayeweza kuandika ritifaa kwa nia njema anaweza kuandika kitu kingine kwa nia mbaya.

Rudi kwenye ile "wani" iliyobaki nje. Ritifaa za mwandishi ni uzio wa boma, na ritifaa ya jina imefungua lango. Kilicho nje ya uzio sheli haikioni tena kuwa jina. Inakiona kuwa amri. Katika Ring'wani kilichobaki nje ni silabi mbili zisizodhuru. Mtu akiita kazi yake kwa jina lenye ritifaa, nukta-mkato, amri ya kufuta mafaili, kisha ritifaa nyingine, seva itafuta mafaili, tena kwa mamlaka ya mfumo wa uchapishaji. Kosa linaloharibu daftari la Mugumu ni lilelile linalofungua mlango kwa mvamizi.

Na milango hiyo imeshafunguliwa duniani, zaidi ya mara moja. Mwezi Mei 2007 ilitangazwa hitilafu katika Samba, programu inayowezesha kompyuta za Windows kutumia mafaili na printa za seva ya Linux. Maandishi kutoka kwa mtumiaji yalikuwa yakipelekwa kwenye skripti bila kuchujwa, ikiwemo katika sehemu ya usimamizi wa printa, na aliyejua alama za sheli aliweza kuendesha amri zake kwenye seva. Septemba 2014 ikaja Shellshock, iliyogunduliwa na Stéphane Chazelas: sheli ya Bash yenyewe, tangu 1989, ilikuwa ikisoma vigeu vya mazingira kwa namna iliyoruhusu amri zijifiche ndani ya thamani. CUPS nayo ikawa njia mojawapo ya kuitumia hitilafu hiyo, kwa kuwa maelezo ya printa na mahali ilipo hupelekwa kwa skripti kama vigeu vya mazingira. Septemba 2024, Simone Margaritelli akaonyesha kwamba huduma ya kutafuta printa mtandaoni, cups-browsed, ilipokea taarifa kutoka kwa yeyote kupitia mlango wa 631, ikaziandika kwenye faili la maelezo ya printa bila kuzikagua, na mstari mmoja wa faili hilo ukawa amri inayoendeshwa mtu akichapa. Katika yote matatu, mahali pa taarifa palipitishwa amri.

Sina nia ya kumtisha mwenye steshenari ya Sirari. Nataka aone kwamba anachohitaji kurekebisha ni kidogo na kinajulikana. Sheli ikiusoma mstari na kukuta "$3" ndani ya alama mbili-mbili za kunukuu, huweka thamani mahali pake na haiisomi tena kutafuta amri. Ritifaa iliyomo ni herufi tu. Hatari huanza pale maandishi yaliyounganishwa yanaposomwa mara ya pili: kwa eval, kwa sh -c kama hapo juu, kwa amri inayotumwa kwenye seva nyingine kupitia ssh, au kwa os.system ya Python. Ule mstari wa mfano unapona ukiandikwa hivi:

printf '%s\n' "$3" >> daftari.txt

Hapo Ring'wani, Rung'abure na Gorong'a zinaandikwa kama zilivyo. Kwenye Python, tumia subprocess na orodha ya vitu, kila kitu nafasi yake. Daftari likiwa hifadhidata, sheria ni ileile, maana SQL nayo hufungua na kufunga maandishi kwa ritifaa: thamani ipelekwe pembeni kama kigezo, isibandikwe ndani ya sentensi ya amri. Anayetumia Tea4CUPS ya Jerome Alet hupewa jina la kazi katika kigeu cha mazingira kiitwacho TEATITLE, na halikadhalika anatakiwa kukizungushia alama za kunukuu. PaperCut, programu ya kampuni ya Australia, hupitia njia nyingine: skripti zake ni za JavaScript, na jina la kazi hufika kama thamani ndani ya kitu kinachoitwa inputs, kwa hiyo ritifaa haina pa kuchokonoa. Huo ni mpangilio bora. Lakini hata huko, Aprili 2023 wavamizi waliokwishapita mlango wa usimamizi kwa hitilafu nyingine walitumia skripti hizohizo za printa kuendesha amri zao.

Samba ya leo, pale mtu alipoweka amri yake mwenyewe ya kuchapa, hubadilisha ritifaa ya jina la kazi kuwa kistari cha chini kabla ya kulikabidhi. Ring'wani inakuwa Ring_wani. Kwa usalama ni sawa, kwa kumbukumbu ni jina la nne. Ndiyo maana nasisitiza kila shule itambuliwe kwenye daftari kwa namba yake ya NECTA, na jina libaki la kusomwa na watu.

Nafasi kati ya maneno ni shida ya pili, na Mugumu imejaliwa kata ziitwazo Stendi Kuu na Uwanja wa Ndege. Skripti ya kwanza ikiita ya pili bila alama za kunukuu, yaani hesabu $1 $2 $3 $4, jina lenye maneno matatu linachukua nafasi tatu na kusukuma mengine mbele. Kazi inayoitwa "Hisabati 7 Stendi Kuu", nakala 45, inafika kwa skripti ya pili ikiwa na "Hisabati" mahali pa jina na 7 mahali pa nakala. Saba ni namba halali, hakuna kitakachogoma. Zinatoka nakala 45, zinalipiwa 7. Jina lingekuwa "Hisabati Stendi Kuu", mahali pa namba pangekuwa na "Stendi" na skripti ingelalamika. Kwa hiyo, mbali na alama za kunukuu, skripti inatakiwa ikague kwamba nakala ni tarakimu tupu, na pia kwamba imepokea idadi ya vitu iliyotarajia, si pungufu wala zaidi.

Sifuri ya mbele ni mtego ninaoutaja kwa uzito, kwa sababu unagusa watoto. CUPS hutoa idadi ya nakala bila sifuri mbele, lakini ofisi nyingi huchukua idadi ya watahiniwa kutoka orodha ya shule, na orodha huandikwa kwa tarakimu tatu ili safu zilingane: 045, 112, 078. Bash ikikuta 045 ndani ya hesabu huisoma kwa mfumo wa nane na kupata 37. Shule ya watahiniwa 45 inapata karatasi 37, na watoto wanane wanakaa mbele ya dawati tupu mpaka mwalimu apate fotokopi. Ikikuta 078 inagoma, kwa kuwa 8 haimo kwenye mfumo wa nane. Kwa sababu hiyohiyo, skripti inayofanya hesabu kwa namba ya mwezi hufanya kazi Januari hadi Julai, inakufa Agosti na Septemba, mwezi wa 08 na wa 09, ndani ya msimu wa mitihani, kisha Oktoba inafufuka. Dawa ni kuandika 10# mbele ya kigeu ndani ya hesabu, ili Bash ijue ni namba ya kawaida.

Nakala zenyewe, $4, zina utata mwingine ambao wengi hawaujui. Skripti ikipewa vitu sita, pamoja na jina la faili, inatarajiwa kurudia nakala yenyewe. Ikipewa vitano na data ikija kwa mkondo, nakala zimeshashughulikiwa huko nyuma, na programu za CUPS zenyewe hapo huhesabu nakala kuwa moja. Anayezidisha kurasa kwa $4 kila mara, bila kuangalia yuko katika hali ipi, anaweza kumtoza mteja nakala 45 mara 45. Nimewahi kusikia hesabu za namna hiyo zikiitwa wizi. Mwenye duka hakuiba. Alisoma kigeu bila kujua masharti yake.

Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, CUPS huihifadhi, na umeme ukirudi huianza upya ikiwa na namba ileile ya kazi katika $1. Skripti inayoongeza deni bila kuuliza itaandika mara mbili. Kabla ya kuandika, itafute namba hiyo na tarehe yake kwenye daftari. Ikiikuta, ibadilishe hali ya mstari uliopo.

Jina la mtumiaji, $2, halistahili imani inayopewa. Seva isipodai nywila, jina hilo ni lile ambalo kompyuta ya mtumaji imejiita. Kwenye ofisi zetu nusu ya kompyuta zinajiita "hp", "user" au "admin". Ripoti inasema "hp" amechapa kurasa elfu mbili, na hakuna wa kumuuliza. Pasipo uwezo wa kumpa kila mtu nywila, napendelea njia hii: printa moja, foleni kadhaa, moja ya msingi, moja ya sekondari, moja ya utawala, kila moja imewekwa kwenye kompyuta za idara husika. Skripti isome PRINTER, ambayo imepangwa na msimamizi, na iache kuhangaika na jina ambalo mtu yeyote anaweza kulibadilisha.

Kuna pia suala la siri. Thamani zinazopitishwa kwa nafasi, $1 hadi $6, huonekana kwa mtumiaji mwingine wa seva hiyohiyo anayeangalia orodha ya programu zinazoendeshwa, na jina la kazi hukaa kwenye kumbukumbu za mfumo muda mrefu baada ya karatasi kuchukuliwa. Barua ya rufaa ya mgonjwa yenye jina lake kwenye jina la faili ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu anayeitunza. Kumbukumbu hizo ziwekewe muda wa kufutwa, na zisomwe na wanaohusika tu.

Kabla ya msimu, fundi afungue foleni ya majaribio inayoandika kwenye faili badala ya karatasi, halafu atume kazi zenye majina haya, nakala 45 kila moja: Ring'wani; Ring’wani yenye ritifaa iliyopinda; Ring'wani na Rung'abure; Gorong'a; Uwanja wa Ndege; Hisabati 7 Stendi Kuu; na moja isiyo na jina kabisa, kwa kuwa hizo nazo huja. Abadilishe tarehe ya kompyuta iwe ya Septemba na azitume tena. Achomoe waya wa umeme katikati ya kazi moja, arudishe, atazame daftari. Kisha alinganishe kilichoandikwa na alichokituma, herufi kwa herufi, na kama jina moja limetoka tofauti, skripti irudi mezani kabla rimu ya kwanza haijafunguliwa.